Tusirudi kwa Twiga

Kama wewe ni mwanachuo wa nchi hii, umewaona "bibi na bwana" mara nyingi mno. Wapo kwenye cheti chako cha kuzaliwa. Wapo kwenye pasipoti, kama unayo. Wapo juu ya barua za serikali zilizobandikwa kwenye mbao za matangazo kila kona. Sasa jibu swali dogo bila kuchungulia: miguuni kwa yule mama kuna mmea gani?

Nimeuliza swali hili hosteli kwetu jioni kadhaa. Wengine wanasema ni maua. Wengine mahindi. Mwanafunzi mmoja wa sheria, mtu wa vifungu na vijifungu, alishikilia kwamba pale hakuna mmea wowote, ni mapambo tu. Jibu sahihi ni pamba. Kwa yule baba upo mkarafuu, kwa yule mama ipo pamba. Na mimi mtoto wa Nassa, wilayani Busega, mkoani Simiyu, nina sababu zangu za kutotaka pamba hiyo isahaulike.

Naandika haya kwa sababu ya mjadala uliozuka kwenye grupu letu la WhatsApp, la wanafunzi tunaotoka nyumbani tuliosambaa vyuo mbalimbali. Mmoja alitoa hoja kwamba halmashauri yetu inastahili kuwa na nembo yake ya kuitambulisha, maana barua zake zina bibi na bwana kama barua za halmashauri nyingine yoyote nchini. Hoja ikapokelewa kwa shangwe. Hazikupita siku mbili, michoro ikaanza kumiminika, mingine imetengenezwa kwa simu usiku wa manane. Uliopendwa kuliko yote ulikuwa na nyumbu anayeruka, nyuma yake jua linazama, chini yake maneno ya kusifia lango la Serengeti. Nyumbu yule alichorwa vizuri kweli, hilo sibishi.

Wazo la kuwa na nembo naliunga mkono. Ninachokataa ni nyumbu. Na nakataa kwa sababu za kihistoria, si kwa sababu ya ladha.

Tuanze na hiyo nembo tuliyonayo, ambayo tunaiona kila siku bila kuisoma. Katikati kuna ngao. Sehemu ya juu ni ya dhahabu, ishara ya madini, na juu yake umewekwa mwenge. Inafuata bendera ya taifa. Chini ya bendera kuna sehemu nyekundu, udongo wetu wenye rutuba, na chini kabisa mawimbi ya bluu na meupe ya bahari na maziwa. Kuna mkuki wa kulinda uhuru, kuna shoka na jembe vilivyopishana. Ngao imesimama juu ya Mlima Kilimanjaro. Kila upande kuna pembe ya ndovu, na anayeishika pembe ni binadamu: upande mmoja mwanamume, upande wa pili mwanamke. Chini yao maneno mawili na kiunganishi: Uhuru na Umoja.

Sasa isome ukiwa umesimama Nassa. Mawimbi unayo, maana Ziwa Victoria liko pale, kwenye ghuba ambayo ramani bado zinaiita kwa jina la Speke, Mwingereza aliyepita kanda yetu mwaka 1858. Jembe unalo, tena kwa Wasukuma jembe si la shambani peke yake. Wachezaji wa bugobogobo wanalirusha juu na kulidaka kwenye ngoma, mbele ya umati, kwa majigambo. Pembe ya ndovu inakukumbusha kwamba hifadhi haiko mbali, na kwamba tembo wakitoka huko hawaombi ruhusa kuingia kwenye mahindi ya mtu. Na pamba ni sisi. Simiyu ndiyo mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Kwetu hata kiwanda cha kuchambua pamba kimegeuka kuwa jina la mahali: mtu anakwambia tu kwamba anaishi Ginnery, na kila mmoja anajua anakosema.

Kwa hiyo nembo ya taifa tayari imetuchora. Swali ni tukichora ya kwetu, tutaongeza nini juu ya hapo, au tutafuta nini.

Hapa ndipo historia inapoingia. Waingereza walipotawala Tanganyika, alama ya nchi hii ilikuwa kichwa cha twiga ndani ya duara jeupe, kwenye bendera nyekundu yenye bendera yao pembeni. Majirani nao hawakupona. Kenya ilipewa simba. Uganda ilipewa korongo mwenye taji. Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, ilipewa chui. Ziweke alama hizo mezani kwa pamoja, uzitazame. Utaona mbuga ya wanyama. Huoni mtu hata mmoja. Hakuna aliyelima, aliyevua, aliyejenga reli wala aliyelipa kodi ya kichwa. Kwa macho ya aliyechagua alama hizo, nchi ilikuwa mandhari nzuri yenye wanyama wa kuvutia, na wenyeji walikuwa sehemu ya mandhari.

Ulipokuja Uhuru, kila nchi ilichora upya. Kenya ilibaki na simba wake, lakini sasa wameshika ngao na mikuki, katikati kuna jogoo aliyebeba shoka, na chini yao kuna kahawa, chai, mkonge na mazao mengine ya nchi. Uganda ilibaki na korongo, ikamwongezea paa, ikaweka ngoma kwenye ngao, na chini ikaweka kahawa na pamba. Sisi tukaenda mbali zaidi: wanyama wakaondoka pembeni mwa ngao, wakasimama watu. Mwaka 1964 Zambia nayo ikaweka mwanamume na mwanamke. Zama zile hili lilikuwa tamko zito. Lilisema kwamba nchi hii inashikiliwa na mikono ya watu wake, wa kike na wa kiume, na zana zao, na mazao yao.

Sasa miaka sitini na ushee baadaye, vijana wasomi wa Busega tunakaa na simu zetu na bila kulazimishwa na mtu tunamwondoa mama na pamba yake, tunaweka nyumbu. Yaani tunarudi kwa twiga. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna gavana wa kumlaumu.

Najua jibu litakalokuja, maana nimeshaliona kwenye grupu: "Mzee, nyumbu analeta watalii, watalii wanaleta dola." Sawa. Lamadi ni njia panda ya Musoma, Mwanza na Bariadi, lango la Ndabaka liko jirani, na ningefurahi mno kuona magari ya watalii yakisimama kwetu badala ya kupita kwa kasi na kutuachia vumbi. Lakini tangazo la utalii ni kitu kimoja, na nembo ya halmashauri ni kitu kingine. Tangazo linamwambia mgeni aje aone nini. Nembo inamwambia mwenyeji yeye ni nani. Mchoro wa nyumbu uwekwe kwenye mabango barabarani, kwenye fulana, kwenye kalenda. Kwenye barua ya kumwita mkulima kikaoni, nyumbu anafanya nini?

Na tusijidanganye kwamba nembo ya halmashauri ni pambo. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zinaifanya halmashauri kuwa chombo chenye nafsi yake kisheria: inaweza kushtaki, kushtakiwa, kumiliki mali, na ina lakiri yake. Bila lakiri, mkataba wa halmashauri haukamiliki. Ile alama inayogongwa kwenye karatasi ndiyo inayogeuza maneno ya watu wachache waliokaa ofisini kuwa neno la wilaya nzima. Kinachochorwa pale kinasema wilaya nzima maana yake ni nani.

Nimesema nembo inatuambia sisi ni nani. Basi niseme na upande wake wa giza, maana kuna mtu wa kwetu ambaye habari zake zinanisumbua kila nikiitazama ile ngao. Mwaka 2017 vyombo vya habari vilimkuta Mzee Francis Maige Kanyasu, aliyejulikana kwa jina la Ngosha, akiishi katika hali ngumu huko Buguruni, Dar es Salaam. Mzaliwa wa Misungwi, Mwanza. Yeye alieleza kwamba ndiye aliyeichora nembo ya taifa enzi za ujana wake. Nchi nzima ikaguswa, akapelekwa hospitali, na mwezi Mei mwaka huohuo akafariki dunia akiwa Muhimbili. Wapo wengine waliojitokeza kudai kazi ileile, na mabishano ya nani alichora nini hayajaisha. Mimi siingii kwenye mabishano hayo. Ninachokiona ni hiki: nembo iliyopo kwenye kila ofisi ya nchi, hatukuwa na uhakika wa pamoja kuhusu mkono ulioichora, mpaka mzee mmoja alipokutwa amelala maskini ndipo tukaanza kuulizana. Tumeilinda alama kwa sheria, mtu wake tukamwacha ajilinde mwenyewe.

Na kwa pamba hali ni hiyohiyo. Mmea tumeuweka kwenye nembo, mkulima wake tumemwacha na mizani.

Nielezee kidogo kwa wale ambao pamba wanaijua dukani tu. Inapandwa mvua za Novemba na Desemba. Inapunguziwa miche, inapaliliwa mara mbili au tatu, inapuliziwa dawa kwa bomba la mgongoni ili funza wasimalize vitumba. Kuanzia Mei inavunwa. Kitumba kikikauka, maganda yake yanakuwa na ncha kama sindano, na pamba inatolewa kwa vidole, kitumba kimoja baada ya kingine, siku nzima, jua kali. Kisha inachambuliwa: safi huku, fifi kule, maana bei si moja. Nenda shambani wakati wa mavuno uhesabu nani ameinama. Utakuta akina mayu, yaani akina mama, na watoto. Aliyeweka pamba miguuni kwa mwanamke, awe alikusudia au hakukusudia, alichora ukweli wa Usukuma.

Mama yangu analima ekari nne. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka kwenye magunia yale. Kuna msimu alipeleka pamba, ikapimwa, akapewa karatasi, pesa akaambiwa asubiri. Alisubiri mpaka msimu mwingine wa kupanda ukaingia, na mbegu akanunua kwa kukopa. Simtaji mnunuzi, maana hakuwa peke yake: mwaka 2019 wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa walikaa miezi bila kulipwa, na jambo hilo lilifika hadi bungeni. Mama alikuwa anaitunza ile karatasi ndani ya Biblia. Juu ya karatasi ile palikuwa na mhuri. Mhuri ulikuwepo, pesa haikuwepo.

Sasa naomba tukumbuke jambo ambalo wazee wetu walilifanya, kwa sababu ndilo linalonipa wazo la nembo. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wanalalamika kupunjwa kwenye mizani za wanunuzi. Hawakuishia kulalamika. Walijikusanya, wakaweka watu wao wa kusimamia upimaji, ili mkulima ajue uzito wa kweli wa pamba yake kabla hajaingia kwa mnunuzi. Kutoka kwenye mizani zile kikakua chama cha wakulima, na kijana aliyeitwa Paul Bomani akazunguka vijijini kukijenga. Mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria, uliokuja kuwa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa barani Afrika. Bomani mwenyewe akawa waziri wa fedha baada ya Uhuru. Baadaye, mwaka 1976, serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika, mamlaka za mazao zikachukua nafasi yao, kisha vikarudishwa miaka ya 1980 vikiwa dhaifu, na miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi. Hiyo ni habari ndefu na ina machungu yake. Lakini mwanzo wake ulikuwa kitu kidogo sana: mtu amesimama pembeni ya mizani, anatazama mshale.

Basi hilo ndilo pendekezo langu. Kama Busega itachora nembo yake, katikati ya ngao iwekwe mizani ya pamba. Siyo ile ya mahakamani yenye visahani viwili. Namaanisha mizani yetu ya kuning'iniza yenye ndoano na uso wa duara, ambayo mtoto yeyote wa kwetu akiiona anaijua. Chini yake yawe mawimbi ya ziwa, maana wavuvi wa sato, sangara na dagaa nao hupima kila asubuhi na nao hupunjwa. Pembeni yawe matawi ya pamba yenye vitumba vilivyofunguka, na mikono miwili inayovuna. Mikono tu inatosha, bila sura, kila mtu aone ni ya kwao. Nyumbu akililiwa sana, apewe nafasi juu kabisa, awe mdogo, anapita kama anavyopita kwa kawaida.

Kwa nini mizani? Kwa sababu halmashauri nayo inakula kwenye pamba. Ushuru wa mazao ya biashara, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3, unalipwa na mnunuzi na kuingia mfuko wa halmashauri. Kila kilo anayoipima mama yangu ina sehemu inayokwenda Nyashimo, makao makuu ya wilaya. Ni haki, shule na zahanati zinahitaji fedha. Lakini chombo kinachopokea sehemu yake kwenye kila kilo kikiwa na mizani kwenye lakiri yake, hakiwezi tena kusema kwamba habari za mizani iliyochezewa ni za mnunuzi na mkulima. Mkulima ataingia ofisini na karatasi, ataonyesha kidole kwenye nembo, atauliza: hii mliyoichora hapa ina maana gani? Nembo nzuri inampa mwananchi mahali pa kushika.

Yapo mapingamizi mengine, na mawili ni mazito.

La kwanza: wengine wanasema pamba ni zao la mkoloni, zao la umaskini, kwa nini tulitukuze? Ni kweli kwamba Wajerumani na Waingereza waliisukuma pamba kwa ajili ya viwanda vyao Ulaya, na ni kweli kwamba mpaka leo sehemu kubwa ya pamba yetu inasafirishwa nje ikiwa haijawa nguo. Lakini ushirika ule wa 1955 haukuwa wa mkoloni. Shule ngapi Kanda ya Ziwa zimejengwa kwa pamba? Wangapi kati yetu tuko hapa chuoni kwa pamba? Zao walilolileta wao, mapambano juu ya zao hilo ni ya kwetu. Mkoa wetu umewahi kujaribu kujitambulisha kwa kazi ya mikono yake: Maswa wakatengeneza chaki, Meatu wakafunga maziwa. Unaweza kubishana kuhusu miradi ile, lakini mwelekeo wake naupenda. Ilimwambia mtu wa Simiyu kwamba sifa yake ni anachokitengeneza.

La pili ni zito zaidi. Wapo wanaosema nembo ya taifa inatosha, na kila wilaya ikianza kuwa na alama yake tutaishia kwenye ukabila. Hofu hii naiheshimu. Ndiyo maana kwenye pendekezo langu hakuna ngoma ya mtemi. Kabla ya utawala wa machifu kufutwa mwaka 1963, Nassa ilikuwa na utemi wake, na wapo wazee ambao wangetamani ngoma ile irudi kwenye ngao. Mimi nasema ibaki makumbusho, kama zilivyohifadhiwa ngoma nyingine pale Bujora. Ukifika Lamadi siku ya mnada utawakuta Wasukuma, Wajita, Wakurya, Wakerewe na wafanyabiashara wa kutoka kila pande. Mizani ni ya wote hao. Ngoma ya mtemi ni ya baadhi. Nembo ya eneo inayotokana na kazi haina kabila.

Na tunaye jirani wa kujifunza kwake. Kenya ilipoanza serikali za kaunti mwaka 2013, kaunti zote 47 zilitakiwa kuwa na alama zao. Sheria yao ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 iliweka masharti: alama zitengenezwe kwa kuwashirikisha wananchi, zipitishwe na bunge la kaunti, na zisifanane na alama za taifa. Sisemi kila nembo iliyotoka kule ni ya kupendeza. Nasema utaratibu wao umeweka wazi kwamba alama ya watu haitungwi na ofisa mmoja na fundi wa kompyuta jioni moja.

Sisi tuna chombo kizuri cha kazi hiyo, tena kilichomo kwenye sheria zetu wenyewe: Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ndio wenye sauti ya juu kijijini. Swali moja lipelekwe huko, "Wilaya yetu ichorwe kwa kitu gani?", lijadiliwe, majibu yapande kwenye kata, yafike baraza la madiwani. Kama akina mayu wa Nassa wakisema wanataka nyumbu, nitanyamaza na nitamchora nyumbu mwenyewe. Lakini sidhani kama watasema hivyo. Na kaulimbiu nayo itoke hukohuko.

Kwa nini nawaambia haya ninyi, wasomaji wa jarida la wanafunzi, ambao wengi hamjawahi kukanyaga Busega? Kwa sababu michoro hii tunaichora sisi. Halmashauri ikihitaji nembo, itamtafuta kijana aliyesoma, anayejua programu za kuchora. Atakuwa mmoja wetu. Na kijana aliyesoma, akiulizwa achore kwao, mara nyingi anachora kwao kwa jicho la mgeni: mlima, mnyama, machweo. Tumefundishwa kuona aibu na jembe kiasi kwamba hata kwenye karatasi hatutaki litokee. Ukienda mafunzo ya vitendo kwenye halmashauri yoyote mwaka huu, tazama kile kilichochorwa ukutani na kwenye kabrasha. Uliza nani alichora, nani aliulizwa, na kwamba mtu anayelima au kuvua eneo lile yupo kwenye picha au hayupo.

Nililala Mwanza nikaamka Simiyu. Mwaka 2012, nikiwa shule ya msingi, Busega iliyomegwa kutoka Magu ikapelekwa mkoa mpya, na hakuna aliyetuuliza sisi watoto wala wazazi wetu kama tunajisikia watu wa Bariadi. Wamisionari walikuwa wameshatuandika kwenye vitabu vyao tangu miaka ya 1880, wapima ramani wakatuandika, serikali ikatuandika. Nembo ya wilaya ingekuwa nafasi ya nadra ya sisi kujiandika wenyewe. Nafasi hiyo tukiipata, tusimpe nyumbu. Yeye hana shida nayo, na Serengeti anayo nzima.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Nassa, Busega.